Tiketi ya siku moja dola 329, anayekupandisha kwenye lifti analipwa 20 kwa saa. Pesa inaishia wapi?

#1 Nyamkazi

Wakuu, salaam.

Hili swali linanisumbua tangu msimu wa baridi wa 2024/25. Pale Vail, mlima wa kuteleza kwenye theluji huko Colorado, Marekani, tiketi ya lifti ukiinunua dirishani siku za kilele ilifika dola 329. Hiyo ni ya mtu mmoja kwa siku moja, na hapo hujakodi skii zenyewe za kutelezea wala viatu, hujalipia maegesho, hujala. Mlima huohuo ulipofunguliwa Desemba 1962 tiketi ilikuwa dola 5. Ukiipandisha kwa mfumuko wa bei inakuja kama dola 50 za leo. Nyingine zote zimetoka wapi?

Sasa mtazame yule kijana aliyesimama chini ya lifti tangu asubuhi kwenye baridi kali, anakushikia kiti ili ukae usianguke. Kampuni ya Vail Resorts ilitangaza Machi 2022 kwamba kima chake cha chini kitakuwa dola 20 kwa saa. Kwa saa nane ni dola 160. Yaani mshahara wake wa siku mbili, kabla ya makato, haununui tiketi ya siku moja ya mlima anaouhudumia.

Halafu misimu mingine unasikia lifti zimefungwa kwa kukosa watu. Bei iko juu namna hiyo, inakuwaje wanakosa wa kuajiri? Mwenye nondo azishushe.

#2 Kigoda

Naomba kueleweshwa kwanza. Lifti hii ni kama ya ghorofani au ni kupewa lifti kwenye gari? Maana dola 329 ningejengewa ngazi.

#3 FundiNyaya

Kigoda, ni viti vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma unaozunguka mfululizo. Unakaa, unapandishwa hadi kileleni, unateremka kwa skii, unarudi kwenye foleni. Tiketi ni ruhusa ya kupanda kutwa nzima.

Ya kwanza duniani ilijengwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na kampuni ya reli ya Union Pacific. Mhandisi James Curran alitoa wazo kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Akaondoa kulabu ya ndizi, akaweka kiti.

Mimi ni fundi wa mitambo hiyo, msimu wa nane huu, katika jimbo la Utah. Nimjibu mleta uzi kwa upande ninaoujua.

Lifti moja chini inataka mtu wa kupanga foleni, mtu wa kupakia abiria, na mtu kibandani mkono ukiwa karibu na swichi ya kusimamisha. Juu lazima awepo wa kuangalia wanaoshuka. Ongeza wa kupokezana wakati wa chakula na wa kuchimba theluji inayojaa kwenye kituo. Wape sita. Mlima wenye lifti 30 unakula watu 180 kwa siku, na kwa kuwa ni siku saba kwa wiki na kila mtu anafanya kazi tano, unahitaji kama 250 kwenye orodha. Hapo hujagusa mafundi, madereva wa mashine za kusawazisha theluji wanaofanya kazi usiku kucha, watu wa kutengeneza theluji, doria ya uokoaji, walimu, jikoni, usafi, mabasi.

#4 Mhasibu Mpole

Fundi ahsante, umenipa namba za kuchezea.

Watu 180, saa nane, dola 20: ni 28,800 kwa siku. Gawanya kwa 329, unapata tiketi 88. Tiketi 88 tu za dirishani zinalipa kila mtu anayesimama kwenye lifti zote 30 siku hiyo. Mlima mkubwa unapokea maelfu ya watu. Kwa hiyo anayesema bei imepanda kwa sababu ya mishahara ya watu wa lifti hajakaa na kalamu.

Lakini, Nyamkazi, nawe usiikamate hiyo 329 kama ndiyo bei. Ile ni bei ya kukutisha. Vail walianzisha Epic Pass mwaka 2008 kwa dola 579, pasi ya msimu mzima. Machi 2021 wakaishusha kutoka 979 hadi 783. Ukiingia siku tatu tu umeshapita gharama ya pasi kwa bei za dirishani, kwa hiyo mtu mwenye akili ananunua pasi mapema, kabla hata theluji haijaanguka. Ndicho wanachotaka. Pesa iko benki mwezi wa tisa, mvua ikinyesha badala ya theluji mwezi wa kumi na mbili hasara ni yako.

Chukua mapato yao yote ya lifti ya mwaka wa fedha 2024, gawanya kwa idadi ya mara watu walizoingia mlimani. Inakuja dola 80 na kitu. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya wastani. Anayelipa 329 ni mgeni aliyechelewa kupanga.

#5 Baharia wa Bara

Umepiga mle mle isipokuwa historia. Vail hawakuvumbua pasi ya bei poa. Bogus Basin, Idaho, mlima usio wa kibiashara nje kidogo ya Boise, ndio waliotikisa soko mwaka 1998 kwa kuuza pasi ya msimu dola 199. Watu walijipanga foleni. Milima ya Colorado karibu na Denver ikafuata ikaanza kupigana bei. Vail walikuja miaka kumi baadaye wakaiweka pasi kwenye milima mingi kwa pamoja.

#6 Mhasibu Mpole

Nimekubali marekebisho #5. Ahsante.

#7 BintiSaida

Jamani mnahesabu tiketi, mimi nitawaambia kuhusu kitanda.

Nilienda kwa viza ya J-1, ile ya wanafunzi wa likizo, miezi minne. Mlima sitautaja. Kazi yangu ilikuwa hiyohiyo ya kupakia watu kwenye viti. Mshahara kwenye karatasi ulinifurahisha. Nikafika, nikapewa kitanda cha juu katika chumba cha watu wanne, na kodi inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara kabla hujauona. Karibu theluthi ilikuwa inaenda hapo. Wiki ya Krismasi saa zilikuwa nyingi hadi miguu inavimba. Januari wageni wakapungua, nikapangiwa siku tatu kwa wiki. Kodi ya kitanda haikupungua hata senti.

Kwa hiyo mkisema dola 20 kwa saa, ulizeni saa ngapi, kwa wiki ngapi, na analala wapi. Kuna kijana Mperu tuliyekuwa naye zamu moja, alikuwa na kazi ya pili ya kuosha vyombo usiku. Asubuhi anakuja macho mekundu, ndiye anayeangalia mtoto wa mtu asidondoke kwenye kiti.

#8 Chepe na Koleo

Pole dada. Na hapo ndipo jibu la "kwa nini wanakosa watu" lilipo. Milima ya Marekani imejengeka juu ya vijana wa Amerika Kusini, maana likizo yao ndefu inaangukia Desemba hadi Machi, ambayo ni baridi ya kaskazini. Juni 2020 rais wa Marekani alisimamisha viza hizo za J-1 za kazi na zile za H-2B, za vibarua wa msimu, hadi Machi 2021. Mfereji ukakauka. H-2B zenyewe kwa kawaida zina kikomo cha 66,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, na hapo wanagombania wavunaji wa kaa, watunza bustani, hoteli, kila mtu.

Msimu wa 2021/22 matokeo yakaonekana. Stevens Pass, jimbo la Washington, ambao nao ni mlima wa Vail Resorts, sehemu kubwa ya mlima ilibaki imefungwa ilhali theluji ipo. Watu waliokwishanunua pasi wakatia saini malalamiko mtandaoni, saini zikapita 40,000. Na kumbuka mwaka huohuo ndio pasi ilishushwa bei kwa asilimia 20. Waliuza pasi nyingi zaidi kuliko wakati wowote huku hawana watu wa kuendesha lifti.

#9 Mwalimu Tabu

Sikubali kwamba ni viza peke yake. Viza zilirudi, shida ikabaki. Tatizo ni nyumba, kama BintiSaida alivyogusia.

Mji wa mlimani uko kwenye bonde jembamba. Pande zote ni msitu wa serikali, hujengi. Vipande vilivyobaki vimejaa nyumba za likizo za matajiri, zinakaa giza miezi mingi ya mwaka, na nyumba ambazo zamani alipanga dereva wa basi sasa zinapangishwa kwa usiku mmoja mmoja kupitia intaneti. Mfanyakazi anasukumwa bonde la tatu, anaendesha gari kwenye barabara ya barafu kila alfajiri.

Kisa cha East Vail kinafundisha. Kampuni yenyewe, hiyo tunayoisema, ilikuwa na kiwanja na ikataka kujenga makazi ya wafanyakazi, vitanda 165. Baraza la mji baadaye likapinga kwa sababu kondoo pori wa milimani hulisha hapo wakati wa baridi. Mwaka 2022 wakapiga kura kukitwaa kiwanja. Huwezi kusema mji hauna huruma na wafanyakazi, maana mji huohuo una mpango tangu 2017 wa kuwalipa wenye nyumba ili waweke sharti kwenye hati kwamba nyumba itakaliwa na anayefanya kazi bondeni. Lakini kondoo wakabaki, vitanda 165 havikujengwa pale.

#10 Kigoda

Kwa hiyo kondoo ana makazi na BintiSaida hana.

#11 Mwalimu Tabu

Kigoda, kundi lile lilikuwa limeshapungua sana na malisho ya baridi yamebaki machache. Sidhani ni jambo la kucheka. Wote wawili wamebanwa na nyumba za likizo, na hizo hakuna aliyezigusa.

#12 Kigoda

Kweli, Mwalimu. Nimeelewa.

#13 Msumari wa Moto

Mnazunguka mbuyu. Jibu ni gawio. Vail Resorts iko soko la hisa la New York tangu 1997. Gawio ni dola 2.22 kwa hisa kila robo mwaka, na hisa ziko kama milioni 37. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka zinatoka kwenda kwa wenye hisa. Faida halisi ya mwaka wa fedha 2024 ilikuwa kama milioni 230. Wanagawa kuliko wanachopata, halafu mtu wa doria anaambiwa hakuna dola mbili za kumwongeza.

#14 Mhasibu Mpole

Msumari, namba zako ni sahihi ila hitimisho limeruka hatua. Faida halisi inapatikana baada ya kuondoa uchakavu wa mitambo, na uchakavu haulipwi taslimu mwaka huo, ndiyo maana fedha mkononi zinazidi faida ya vitabuni. Kugawa zaidi ya faida inawezekana bila kukopa.

Ila nakuunga mkono kwa njia nyingine. Walipopandisha mishahara 2022 walisema itawagharimu kama dola milioni 175 za ziada. Wana ziara milioni 17 hadi 19 kwa mwaka. Ni kama dola kumi kwa ziara. Hivyo kuwapandishia wafanyakazi karibu wote kwa mkupuo kulihitaji dola kumi kwa kila anayeingia. Mtu akikuambia mishahara bora itaua mchezo, mwonyeshe hiyo kumi.

#15 FundiNyaya

Mhasibu, kuhusu uchakavu usiupite haraka hivyo. Ninyi mnaona neno la vitabuni, mimi naliona kwenye glovu zangu.

Lifti za zamani kiti kimefungwa moja kwa moja kwenye waya, kinakwenda kama mita mbili na nusu kwa sekunde. Lifti za sasa kiti kinaachia waya kikifika kituoni, kinapita taratibu ukae, kisha kinaushika tena na kuondoka kwa mita tano kwa sekunde. Ya kwanza ya watu wanne ya aina hiyo ilifungwa Breckenridge, Colorado, 1981. Za watu sita leo zinaweza kubeba zaidi ya 3,000 kwa saa. Kila kiti kina kishikio chenye springi na taya, na kila kishikio lazima kifunguliwe, kipimwe, kirudishwe. Viti mia na zaidi kwenye lifti moja. Kazi hiyo hufanyika kiangazi, mgeni haioni. Lifti mpya ni mamilioni ya dola, na watengenezaji wakubwa waliobaki duniani unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Jambo lingine: fundi mzuri wa lifti akiondoka humpati sokoni. Miaka mitatu ndipo anaanza kusikia kwa sikio kwamba gurudumu la mnara wa tisa lina kasoro. Analipwa kidogo kuliko angelipwa akifunga lifti za ghorofani mjini (Kigoda, hizo hizo zako), kwa hiyo anaenda mjini. Upungufu wa watu tunaoumia nao sisi ni huo. Kijana wa kupakia viti unamfundisha kwa siku chache.

#16 DaktariWaMagoti

Nimesoma wote, hamjataja bima. Mimi natibu magoti ya hawa watu. Marekani ukivunjika unashtaki, kwa sababu matibabu yanafilisi. Colorado ina sheria ya usalama wa skii tangu 1979 inayoukinga mlima kwa hatari za kawaida za mchezo, na karatasi unayotia saini iliukinga kwa mengine. Mwaka 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba karatasi hiyo haiwezi kuufuta wajibu uliowekwa na sheria yenyewe. Kesi ilihusu binti aliyeanguka kutoka kwenye lifti akapooza. Baada ya hapo kila mwenye mlima amekaa na wakala wake wa bima.

#17 Msafiri wa Nyanda

Daktari yuko sawa, na ndiyo maana Ulaya ni nafuu. Dolomiti Superski, Italia, maeneo 12, njia za kilomita 1,200 kwa tiketi moja, na siku moja ya kilele hulipi hata euro 90. Nimeteleza kule wiki nzima kwa fedha ambayo Colorado ingenipa siku mbili. Ukitoka nje ya njia zilizowekwa alama, ni shauri lako, na ukiokolewa unaletewa ankara.

Na Uswisi je? Mishahara ya Uswisi ni mikubwa kuliko ya Marekani, lakini tiketi zao ziko chini ya za Vail. Saas-Fee mwaka 2016 waliuza pasi ya msimu mzima kwa faranga 222. Kwa hiyo suala la mishahara lifungwe.

#18 Chepe na Koleo

Msafiri, usilifunge bado. Ulaya mlima haumilikiwi na mtu mmoja kuanzia lifti hadi supu. Hoteli ni ya familia, mgahawa katikati ya mteremko ni wa familia nyingine, shule ya skii ni chama cha walimu. Ufaransa lifti ni huduma ya umma chini ya halmashauri, ambayo huendesha yenyewe au humpa kampuni mkataba. Halmashauri inakubali lifti ipate kidogo kwa sababu kodi inarudi kupitia hoteli. Na eneo linalolindwa ni njia tu. Marekani mlima mzima ndani ya mpaka unafanyiwa ukaguzi, doria wanatoka alfajiri na baruti kuangusha maporomoko ya theluji kabla mgeni hajaamka. Ni kazi tofauti.

#19 Msumari wa Moto

Na hao wa baruti ndio waliogoma Park City, Utah, mlima mwingine wa Vail Resorts. Chepe umenikumbusha. Desemba 27, 2024 hadi Januari 8, 2025, wanadoria kama 200, wiki yenye wageni wengi kuliko zote. Walikuwa wanaanzia dola 21 kwa saa, wakaomba 23. Dola mbili! Kampuni ikaleta wasimamizi kutoka milima mingine, sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa, watu waliolipa mamia ya dola wakisimama foleni saa nzima. Mwisho wakazipata dola mbili, na wakongwe zaidi ya hapo. Baadaye kampuni ikawapa wageni wa siku hizo punguzo la hadi nusu kwenye pasi ya msimu uliofuata. Hebu mhasibu atuambie kipi kilikuwa ghali.

#20 Mhasibu Mpole

Nitakuambia bila kusita: mgomo. Watu 200, dola mbili, tuseme saa 40 kwa wiki 20. Ni dola 320,000 kwa msimu. Hiyo kwa mlima ule ni kama tiketi elfu moja za dirishani. Hata mimi ninayewatetea wahasibu sina la kusema hapo, isipokuwa kwamba kampuni haikuogopa dola 320,000, iliogopa milima mingine yote iliyobaki kuona mgomo unalipa.

#21 FundiNyaya

Nawafahamu baadhi yao. Dai halikuwa dola mbili tu, walitaka pia mtu wa miaka kumi asilipwe karibu sawa na wa mwaka wa kwanza. Mtu anayebeba baruti mgongoni unamtaka awe mzee wa kazi.

Na si fedha zote zinabaki kwa kampuni. Ardhi ya milima mingi ya magharibi ni ya Huduma ya Misitu, mlima unalipa asilimia 1.5 hadi 4 ya mapato yake ya pale. Sijaona wa kulilalamikia hilo, ila liwemo kwenye hesabu.

#22 Baharia wa Bara

Asilimia hizo zimekaa vilevile tangu sheria ya 1996. Ni ndogo mno kwa ardhi ya umma, tukisema ukweli. Ungejaribu kukodi shamba kwa asilimia hiyo.

Mimi naona wote mmesahau idadi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Marekani ilikuwa na maeneo ya skii zaidi ya 700. Leo hayafiki 500. Vilima vidogo vya kijijini, vyenye kamba moja ya kuvuta na mwenyewe anakata tiketi, vimekufa. Wakati huohuo watelezaji wameongezeka, siku hizi ziara zinapita milioni 60 kwa msimu. Mlima mpya mkubwa hujengi, kibali hupati. Watu wengi, milima michache, na mingi mikubwa iko chini ya pasi mbili, Epic na Ikon, ambayo ilianza 2018. Hapo hata malaika angepandisha bei.

#23 Nyamkazi

Baharia, vilivyobaki vidogo vinaishije? Huko wafanyakazi wanapatikana?

#24 Baharia wa Bara

Vingine vinaishi vizuri. Mad River Glen, Vermont, tangu 1995 inamilikiwa na watelezaji wenyewe kama ushirika, wana lifti ya kiti cha mtu mmoja mmoja na hawana haraka ya kuibadilisha. Bridger Bowl, Montana, si ya faida. Na tangu 2019 kuna Indy Pass inayokusanya milima huru, siku mbili kila mlima. Wafanyakazi wengi ni watu wa palepale, mama mwenye nyumba yake, mkulima ambaye baridi hana kazi. Hawahitaji kitanda.

#25 Mwalimu Tabu

"Hawahitaji kitanda." Ahsante, Baharia. Umerudi kwenye hoja yangu ya #9 kwa njia ndefu.

#26 Baharia wa Bara

Sijarudi! Hoja yangu ni ukiritimba. Wenye vitanda vyao wapo kwa sababu mlima wao haujageuzwa kuwa kivutio cha matajiri.

#27 Mwalimu Tabu

Na nani aliyeleta matajiri, pasi au barabara kuu na uwanja wa ndege? Vail ilikuwa ghali hata kabla ya 2008.

#28 DaktariWaMagoti

Mkimaliza kupigana, yeyote anayeenda mara ya kwanza afanye mazoezi ya mapaja wiki sita kabla. Kano ya goti haijui umelipa 329 au 80.

#29 Kigoda

Daktari, na ikikatika, ile bima uliyotaja inanilipa?

#30 DaktariWaMagoti

Hapana. Ile ni ya mlima dhidi yako. Nunua yako.

#31 Chepe na Koleo

Kuna kipengele hakijasemwa. Sheria ya kazi ya shirikisho inawapa nafuu wafanyabiashara wa burudani za msimu, na Colorado wafanyakazi wa skii hawaingii kwenye kanuni ya jimbo ya ovataimu baada ya saa 40 kwa wiki. Wiki ya Krismasi aliyoitaja BintiSaida, zile saa za miguu kuvimba, kuna uwezekano mkubwa alilipwa bei ileile.

#32 BintiSaida

Ndiyo. Bei ileile. Nilidhani wamekosea, nikaenda kuuliza ofisini, wakanionyesha karatasi.

#33 Nyamkazi

BintiSaida, samahani nikuulize moja kwa moja. Kwa yote hayo, kwa nini ulikaa hadi mwisho? Na ungerudi?

#34 BintiSaida

Nilirudi, msimu wa pili. Kuna malipo ambayo hamjayahesabu, Mhasibu: mfanyakazi anapewa pasi ya bure. Kitu mnachokiita dola 329 mimi nilikuwa nacho shingoni kila siku. Siku za mapumziko nilikuwa napanda hadi magoti yagome. Nilifundishwa kuteleza na yule Mperu, kwenye kilima cha watoto, tukiwa na viatu vya kuazima vya saizi mbili tofauti.

Na kampuni inalijua hilo. Msimamizi wangu alikuwa anasema wazi kwenye kikao, "watu wanakuja kwa ajili ya mlima". Ukiomba nyongeza unakumbushwa pasi. Wapo wenye miaka 40 ambao wamekaa hivyo tangu ujana, wanapenda theluji kiasi kwamba wanakubali chochote. Nilivyoona mimi, wao ndio wanaoshikilia mshahara ubaki chini, na siwalaumu hata kidogo.

#35 Mhasibu Mpole

Dada, hiyo nayo ni nondo. Ila pasi ya bure kwa kampuni haigharimu chochote kama kiti kingeondoka kitupu. Inaitoa kwa sifuri na kukuhesabia kwa 329. Nitalifikiria hili vizuri, maana linaweza kupangua hesabu yangu ya #4.

#36 FundiNyaya

Mnisamehe natoka, zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri na waya wa lifti ya nne umeganda barafu. Mhasibu, ukipangua hesabu weka na siku ambazo upepo unatulazimisha kufunga. Siku hizo watu 180 wameshafika kazini, wengine wanarudishwa makwao wamelipwa saa mbili.

#37 Nyamkazi

Wanarudishwa na gari la nani? Yule wa bonde la tatu aliyesemwa na Mwalimu anarudi vipi saa mbili asubuhi?

#38 BintiSaida

Basi la wafanyakazi linaondoka saa kumi na moja jioni. Unasubiri.